Kuchagua Ngozi za Drams za Zamani: Mwongozo kwa Wanamuziki wa Kasongo na Kabambare

Kasongo hakuna mtoto asiyeujua mlio wa ngozi. Usiku wa Maulidi anasikia dufu, Jumapili anasikia ngoma za kanisani, na harusini anasikia bendi. Wawambaji wa ngoma tunao, na mbuzi tunao. Lakini ukibahatika kupata seti ya drams ya miaka ya 1950, 1960 au 1970, iliyosahaulika katika stoo ya parokia au nyumbani kwa mwanamuziki mzee, kazi inakuwa ngeni. Mbao ni nzima na chuma kinasafishika, ila ngozi zimepasuka. Hapo wengi hununua ngozi yoyote inayopatikana, kisha hulalamika kwamba seti imekufa.

Seti haijafa. Imevishwa nguo isiyo yake. Ngozi huchaguliwa kwa kufuata mambo matatu: mzinga wenyewe, kazi itakayofanywa, na hewa ya mahali. Jina la kampuni na bei huja baadaye.

Katika mwongozo huu, mzinga ni mwili wa ngoma. Mdomo ni ukingo wa mzinga ambapo ngozi inakaa. Pete ni duara la chuma au mbao linalobana ngozi. Ngozi ya juu ndiyo inayopigwa, na ya chini ndiyo inayoitikia.

Vitu vya kuandaa

Tafuta utepe wa kupimia wenye sentimita, ufunguo wa kukazia skrubu za ngoma, tochi, kipande kikubwa cha kioo au meza iliyonyooka kabisa, kitambaa safi, mafuta kidogo ya mashine, kalamu na daftari.

Hatua ya 1: Jua umri wa seti

Hadi katikati ya miaka ya 1950, drams zote za viwandani zilivalishwa ngozi ya mnyama, hasa ya ndama. Mwaka 1956 Mmarekani Chick Evans alianza kuuza ngozi za plastiki ya poliesta, na mwaka 1957 mwenzake Remo Belli akaanzisha kampuni yake ya ngozi hizo. Ndani ya miaka michache ngozi ya ndama ikaondoka jukwaani karibu kote duniani.

Tarehe hizo zinakusaidia kusoma mzinga ulio mbele yako. Seti iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya ndama mara nyingi ina mzinga mwembamba na mdomo wa mviringo. Mdomo wa namna hiyo hugusa sehemu kubwa ya ngozi, kwa hiyo sauti huwa nene, yenye joto, na hukatika mapema. Mizinga mingi ya miaka ya baadaye ina mdomo mkali unaogusa ngozi kwa mstari mwembamba, na sauti yake hung'aa na kudumu zaidi. Pitisha kidole juu ya mdomo, kisha andika daftarini: mviringo au mkali.

Hatua ya 2: Pima mzinga, usipime pete

Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi kwetu. Ngozi ukiiagiza Bukavu au Lubumbashi ikafika haikai, huwezi kuirudisha dukani kesho yake. Pima mara tatu, uagize mara moja.

Vua pete na ngozi ya zamani. Pima upana wa mzinga kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, ukipita katikati. Kisha geuza utepe upime upande mwingine, maana mzinga wa zamani unaweza kuwa umepinda ukawa kama yai. Vipimo viwili vikitofautiana kwa milimita chache, andika kile kikubwa.

Ngozi huuzwa kwa inchi. Inchi 12 ni sentimita 30.5, inchi 13 ni 33, inchi 14 ni 35.6, inchi 16 ni 40.6, inchi 20 ni 50.8, na inchi 22 ni 55.9. Mzinga wa kawaida huwa mdogo kidogo kuliko kipimo chake cha jina, ili pete ipite bila kukwama. Mzinga unaoitwa wa inchi 14 ukikupa zaidi ya sentimita 35.6, simama hapo hapo. Baadhi ya seti za zamani za Ulaya, zikiwemo Premier za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zilifuata vipimo vikubwa kidogo kuliko vya leo. Ngozi ya kawaida haiziingii. Usiuchonge mzinga ili ngozi iingie: utakuwa umeharibu kitu kisichopatikana tena. Agiza ngozi ya kipimo cha zamani, ambayo bado inatengenezwa, au uwambe ngozi ya mnyama kwa kipimo cha mzinga wako kama ilivyo katika hatua ya 6.

Hatua ya 3: Kagua mdomo

Laza mzinga juu ya kioo, zima taa, kisha washa tochi ndani yake. Mwanga ukipenya chini mahali fulani, hapo mdomo umebonyea. Upenyo mwembamba kama karatasi unavumilika. Upenyo mkubwa hautafichwa na ngozi yoyote, hata ya bei ghali, na hiyo ni kazi ya seremala mwenye mkono mwepesi. Mdomo mzima ufute vumbi tu. Usiupige msasa kwa sababu ya kutaka ung'ae.

Hatua ya 4: Amua kati ya plastiki na ngozi ya mnyama

Hapa ndipo hewa ya kwetu inapotoa hukumu. Ngozi ya mnyama hunywa unyevu. Mvua zikianza karibu na Septemba, italegea, na sauti itashuka hata katikati ya wimbo. Zikikatika kuanzia Juni, itakauka na kujikaza yenyewe, na isipolegezwa inaweza kuchanika. Enzi za ngozi ya ndama, wapigaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wakiweka balbu ya umeme ndani ya ngoma kubwa ili kuikausha. Ngoma zetu za asili tunaziotesha moto kwa sababu hiyo hiyo.

Seti ikiwa itapigwa kila wiki, kanisani au kwenye bendi, chagua plastiki. Haijali mvua wala jua la kawaida, na hukaa kwenye sauti uliyoipa. Seti ikiwa ni ya kutunzwa kama kumbukumbu au ya kurekodi nyimbo za zamani, na wewe una subira ya kuirekebisha kila siku, ngozi ya mnyama itakupa sauti ambayo plastiki inaiga bila kuifikia.

Kuna njia ya kati ambayo naipendekeza kwa moyo wote: plastiki kwenye ngoma ya nyaya (snare) na ngoma kubwa ya mguu, ngozi ya mbuzi kwenye tomu za juu. Kazi nzito inabebwa na plastiki, na tomu zinabaki na ladha ya kwetu.

Hatua ya 5: Gawa ngozi kwa kazi yake

*Ngoma ya nyaya.* Hii ndiyo roho ya bendi ya Kikongo. Tangu Zaïko Langa Langa ilipoanzishwa mwaka 1969, na mpigaji wake Meridjo Belobi akaupa muziki wetu mdundo wa cavacha, wasikilizaji wanategemea mlio mkavu, mwepesi, unaokimbia kama gari moshi. Juu weka plastiki ya tabaka moja, yenye unene wa takribani milimita 0.25, iliyopakwa rangi nyeupe yenye mkwaruzo. Rangi hiyo hupunguza mng'ao wa sauti na kuikaribisha kwenye ngozi ya ndama. Chini weka ngozi maalumu ya upande wa nyaya, nyembamba sana, karibu milimita 0.08. Ukiweka ngozi ya kawaida hapo, nyaya hazitaitikia pigo jepesi. Kwa sehemu hii ngozi ya mbuzi haifai, kwa sababu ni nene mno.

*Tomu.* Kwa mzinga mwembamba wa zamani, tabaka moja lililopakwa rangi linatosha juu, na tabaka moja lisilopakwa chini. Ngozi ya matabaka mawili, ambapo kila moja lina takribani milimita 0.18, hudumu zaidi chini ya mkono mzito, lakini huunyamazisha mzinga ulioumbwa kuimba. Ichague tu kama mpigaji wako ana nguvu nyingi na hakuna maikrofoni.

*Ngoma kubwa ya mguu.* Tabaka moja lililopakwa, mbele na nyuma. Seti za zamani hazikuwa na tundu kwenye ngozi ya mbele, na ukitaka sauti yake ya asili usilikate. Mvumo ukizidi, usijaze mito ndani. Chukua ukanda wa blanketi wenye upana wa vidole vinne, uupitishe kati ya ngozi na mdomo, kisha ukaze pete. Ndivyo wapigaji wa enzi hizo walivyofanya.

Hatua ya 6: Ukichagua ngozi ya mbuzi

Nenda machinjioni mapema na uzungumze na mchunaji kabla ya kazi. Unataka ngozi isiyo na tobo wala kovu la kisu. Kama imetiwa chumvi, ioshe kwa maji mengi mpaka chumvi iishe, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu na ngoma itakuwa inalegea daima. Iloweshe kwa maji ya majivu siku mbili tatu ili manyoya yalegee, yakwangue, suuza, kisha itandaze kwa vigingi kivulini mpaka ikauke.

Itazame kwenye mwanga. Mstari wa uti wa mgongo ni mnene kuliko tumbo. Kata duara huku mstari huo ukipita katikati kabisa ya ngoma, ili pande mbili zilingane, na uache ziada ya vidole vitatu pande zote. Loweka tena mpaka ilainike. Izungushe kwenye pete nyembamba ya ndani, ukiingiza ukingo wake kwa mpini wa kijiko. Iweke juu ya mzinga ikiwa bado mbichi, bana pete ya nje kidogo tu, na uiache ikauke polepole kivulini kwa siku mbili. Ukiianika juani itajivuta upande mmoja. Mwambaji wa dufu wa mtaani kwako anaijua kazi hii vizuri kuliko kitabu chochote. Mwite, mlipe, na umwache kijana wako akae karibu naye.

Hatua ya 7: Funga na kaza

Tia tone la mafuta kwenye kila skrubu. Weka ngozi, weka pete, kaza skrubu zote kwa vidole tu mpaka zigome. Kisha tumia ufunguo, nusu mzunguko kila mara, ukitoka skrubu moja kwenda ile inayoitazama ng'ambo. Ukikaza kwa kuzunguka duara, utavutia upande mmoja, na kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Mikunjo ikiisha, gonga kwa kidole karibu na kila skrubu. Sauti zote zilingane. Anza na ngozi ya chini, fuata ya juu. Ngozi mpya iache ilale usiku mmoja, kisha irekebishe tena. Usitafute kelele kwa kukaza kupita kiasi. Ngoma ivumayo haidumu, na mzinga mwembamba wa miaka 60 unaweza kuachia gundi kwa mvuto huo.

Mambo matatu ya kuepuka

Usioteshe ngozi ya plastiki moto. Joto huiharibu na hairudi. Usitupe ngozi ya zamani kabla ya kuiandika, kwani alama zake ni ushahidi wa umri na asili ya seti. Na usibadilishe pete za mbao kwa za chuma kwa sababu tu zinang'aa.

Ukimaliza, andika tarehe, kipimo na aina ya ngozi kwenye karatasi, uibandike ndani ya mzinga kabla ya kuufunga. Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwezi Desemba 2021, lakini orodha haiwambi ngoma. Ngoma zinawambwa na mikono yetu. Kama kuna seti iliyolala stoo kwako, Kasongo au Kabambare, itoe wiki hii, ifute vumbi, na uanze na kipimo.