SOMO KWA MAKATIBU: CHAMA KINAPONUNUA NYUMBA KWA NJIA YA DALALI



Chama cha msingi kinapoamua kuweka sehemu ya akiba yake katika nyumba ya kupangisha au fremu za maduka mjini, aghalabu hujitokeza mtu wa tatu kati yake na mwenye mali, naye ni dalali. Somo letu leo ni juu ya swali moja ambalo bodi nyingi husahau kuliuliza: dalali huyu ametumwa na nani?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamhesabu dalali kuwa ni wakala, yaani mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine aliyemtuma. Ikiwa ametumwa na mwenye nyumba, wajibu wake ni kumtafutia huyo bei nzuri. Hapo hakuna kosa. Ndiyo kazi yake. Kosa ni la katibu anayemnong'oneza kwamba Mkutano Mkuu umeidhinisha kiasi fulani. Tangu dakika hiyo bei haitashuka chini ya kiasi hicho.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba anataka shilingi 90,000,000. Dalali anakiambia chama 105,000,000, nayo tofauti anaitia mfukoni. Madalali wenyewe huiita "cha juu". Ikiwa nyumba hiyo inapangishwa kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, basi cha juu hicho peke yake kimekula kodi ya miezi 25. Wanachama watangoja zaidi ya miaka miwili kabla ya kurudisha fedha ambazo hazikumfikia hata muuzaji. Dawa yake ni nyepesi: bei isikubaliwe mpaka wajumbe wa bodi wameonana na mwenye nyumba ana kwa ana, wakaisikia kinywani mwake. Dalali anayezuia makutano hayo amekwisha kujieleza.

Chama kikimtuma dalali wake chenyewe, sheria inakilinda vizuri zaidi. Wakala akijifanyia biashara ya siri katika kazi aliyotumwa, aliyemtuma anaweza kumdai faida hiyo. Akitenda udanganyifu, hupoteza haki ya ujira kwa kazi aliyoiharibu. Tena, pasipo makubaliano mengine, ujira haudaiwi kabla kazi haijakamilika. Lakini ni shida kuyathibitisha hayo kwa maneno ya mdomo. Katibu na aandike barua ya ukurasa mmoja: nyumba ya namna gani, eneo gani, ujira kiasi gani, utalipwa lini, na kwamba dalali hatapokea chochote kutoka upande wa pili. Zisainiwe nakala mbili.

Sasa habari ya hati. Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa; halipwi kwa kugundua kwamba nyumba haifai kuuzwa. Kwa hiyo neno lake juu ya umiliki si ushahidi, wala kivuli cha hati alichonacho mkobani. Nyumba ikiwa na hati miliki, chama kifanye upekuzi chenyewe katika ofisi ya Msajili wa Hati, kijue jina lililoandikishwa, na kama kuna rehani au zuio. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzi wa muuzaji. Msitosheke na kuambiwa kwamba mama amekubali. Aitwe, aulizwe, atie saini. Mkataba wenyewe uwe wa maandishi, kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyotaka.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuketi na bodi ya chama kimoja kilichokuwa kimempa dalali shilingi 3,000,000 kama kishika uchumba. Mwenyekiti alizitoa kwa nia njema, akiogopa kwamba nyumba ingechukuliwa na mwingine. Stakabadhi ilikuwa karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Walipomfikia mwenye nyumba, walikuta wanunuzi wengine wawili wameshika karatasi kama hiyo, naye hakuwa na habari ya uchumba wowote. Fedha zile zilikuwa hisa za wakulima, na katika Mkutano Mkuu uliofuata hakuna mjumbe aliyeweza kuinua uso.

Basi malipo yote, hata ya kwanza, yapitie benki na kuingia katika akaunti yenye jina lile lile lililoonekana katika upekuzi. Dalali alipwe ujira wake peke yake, kwa hundi ya pili, baada ya mkataba kutiwa saini. Yeye si njia ya kupitishia bei.

Ununuzi uwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Na kama fedha ni za mkopo, usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Jina la dalali, ujira wake na matokeo ya upekuzi viandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Nyumba ikishanunuliwa, huenda dalali yule yule akaleta wapangaji. Kwa mazoea ya mijini, mpangaji humlipa ujira wa kodi ya mwezi mmoja. Mwacheni apokee hiyo, lakini kodi ya chama asiikusanye yeye.