Msongo wa Mawazo: Kuutambua Mapema na Kuukabili Kabla Haujaleta Maradhi

Msimu wa kusi unapoingia, bahari huchafuka na mashua nyingi hubaki zimefungwa ufuoni. Mvuvi asiyevua hana cha kuuza, na mama karanga anayemtegemea hana samaki wa kukaanga. Lakini karo haingojei kaskazi. Kodi ya nyumba haingojei, wala mkopo wa simu uliochukuliwa wakati samaki walikuwa tele.

Mfano wa mama karanga mwenye watoto watatu unaonyesha yanayotokea katika nyumba nyingi za Pwani msimu huo. Saa nane za usiku yuko macho, anahesabu madeni. Asubuhi kichwa kinamgonga, naye anakunywa dawa ya maumivu akidhani ni malaria. Mtoto akimwaga maji kidogo anapigwa. Simu ikilia, moyo unamwenda mbio, anaigeuza kifudifudi. Majirani wanasema amekuwa na hasira siku hizi. Yeye mwenyewe anasema amechoka tu. Hakuna aliyelitaja jina la tatizo lenyewe: msongo wa mawazo uliopita kiasi.

MSONGO NI NINI?

Msongo ni namna mwili na akili vinavyojibu jambo zito au la hatari. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, pumzi huongezeka, misuli hukaza, na ini huachilia sukari iingie katika damu ili mwili upate nguvu za kupambana au kukimbia. Homoni nyingine, kotisoli, hufuata na kuuweka mwili katika hali hiyo ya tahadhari.

Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba mwili ulio chini ya shinikizo hupitia hatua tatu. Kwanza hushtuka. Kisha hustahimili. Shinikizo lisipoondoka, mwisho wake huchoka. Hatua hii ya tatu ndiyo inayoleta madhara.

MSONGO WA KAWAIDA NA MSONGO WENYE MADHARA

Si kila msongo ni mbaya. Mwanafunzi anayesikia tumbo likimsokota kabla ya mtihani husoma kwa bidii zaidi. Dereva wa bodaboda anayeona lori likimjia hukwepa kabla hata hajafikiri. Jambo likipita, moyo hutulia na mtu huendelea na shughuli zake.

Msongo wenye madhara hutambulika kwa mambo matatu. La kwanza ni muda: hauishi, bali unaendelea kwa wiki au miezi. La pili ni kipimo: jambo dogo linazua hasira au hofu kubwa isiyolingana nalo. La tatu ni kazi: mtu anashindwa kufanya aliyokuwa akiyafanya, kama kufungua biashara, kulea watoto au kuhudhuria mikutano ya chama.

DALILI ZAKE

Katika mwili: kichwa kuuma mara kwa mara, shingo na mabega kukaza, moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, uchovu usioisha, na usingizi kukatika.

Katika mawazo: kusahausahau, kushindwa kukaza fikira, na wazo moja kuzunguka kichwani bila kufika mwisho.

Katika hisia: hasira za ghafla, huzuni, wasiwasi, na kuhisi kwamba hakuna njia.

Katika tabia: kujitenga, kugombana nyumbani, kula kupita kiasi au kukosa hamu ya chakula, na kuanza au kuzidisha pombe, sigara au muguka.

Dalili nyingi kati ya hizi huletwa pia na malaria, kisukari, upungufu wa damu au shinikizo la damu. Kwa hiyo mtu asijipe jibu mwenyewe, apimwe katika zahanati. Maumivu ya kifua au kushindwa kupumua si mambo ya kungojea. Anayepatwa nayo apelekwe hospitali mara moja.

NAFUU ZA UONGO

Anayezama hushika hata unyasi, na mwenye msongo huwa mwepesi wa kushika vitu visivyomsaidia. Muguka na miraa huchangamsha kwa saa chache, lakini huondoa usingizi ambao mwili unauhitaji ili kutulia. Pombe humfanya mtu alale haraka, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa amechoka zaidi. Kamari ya simu huahidi kulipa deni na aghalabu huliongeza. Mkopo wa kulipia mkopo mwingine husogeza tu siku ya mashaka, tena kwa gharama kubwa zaidi.

HATUA ZINAZOSAIDIA

1. Kutuliza mwili kwanza. Mtu akae, avute pumzi kupitia puani huku akihesabu hadi nne, kisha aitoe polepole akihesabu hadi sita. Arudie kwa dakika tano. Pumzi inayotolewa polepole huupunguzia moyo kasi. Zoezi hili halilipi deni, ila hutuliza kichwa kinachotakiwa kulipangia deni hilo.

2. Kutenganisha mambo. Achukue karatasi na kuigawa sehemu mbili. Upande mmoja aandike anayoweza kuyafanyia jambo wiki hii, na upande wa pili yaliyo nje ya uwezo wake. Upepo wa kusi uende upande wa pili. Kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu kulipa karo kidogokidogo kuende upande wa kwanza. Kisha achague jambo moja tu la kuanza nalo.

3. Kulikabili deni waziwazi. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini kabla ya kulipa kuna kuzungumza. Mdaiwa aorodheshe madeni yote, aende kwa kila anayemdai kabla ya siku ya mwisho, na aahidi kiasi anachokimudu. Ajue pia haki zake. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinamkataza mkopeshaji kutumia vitisho au matusi, na kuwapigia jamaa na marafiki walio katika simu ya mkopaji bila idhini ili kumwaibisha. Anayefanyiwa hivyo ahifadhi jumbe hizo kama ushahidi na kulalamika kwa Benki Kuu. Ikiwa taarifa zake za kibinafsi zimetumiwa vibaya, anaweza pia kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019. Deni litabaki deni, lakini kudhalilishwa si sehemu ya malipo.

4. Kulinda usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Inasaidia kulala na kuamka kwa saa zilezile, kuacha chai kali na kahawa jioni, na kuweka simu mbali na kitanda. Wazo likimwamsha mtu, aliandike karatasini na kuliachia asubuhi.

5. Kuutumia mwili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku tano kunatosha. Kulima na kubeba maji nako kumo katika hesabu hiyo.

6. Kudai mapumziko. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka pamoja na malipo. Mapumziko hayo ni haki ya mfanyakazi, wala si fadhila ya tajiri.

7. Kusema. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mtu amtafute mmoja anayemwamini, awe mke, mume, dada, mzee wa mtaa, kiongozi wa dini au mwanachama mwenzake.

JINSI YA KUMSIKILIZA MWENYE MSONGO

Anayeambiwa naye ana kazi yake. Maneno kama "jikaze kiume", "wewe si wa kwanza" au "omba tu yataisha" humfunga mtu mdomo. Ni bora kumwuliza, "Ni lipi linalokusumbua zaidi?" kisha kunyamaza na kumsikiliza mpaka mwisho. Siri aliyoitoa isipelekwe barazani wala kisimani. Baada ya kumsikiliza, msaada mdogo wa vitendo huwa na uzito: kumsaidia kulea mtoto saa mbili, au kumsindikiza zahanati.

Watoto wasisahauliwe. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, kukataa shule au kunyamaza ghafla huenda amebeba mzigo wa nyumba nzima. Anahitaji kuambiwa kwa maneno mepesi kwamba wazazi wana shida, wanaishughulikia, na si kosa lake.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Dalili zikiendelea zaidi ya wiki mbili, au zikimzuia mtu kufanya kazi na kutunza familia, aende kituo cha afya. Huenda msongo umegeuka kuwa sonona au maradhi ya wasiwasi, na hayo yana tiba. Kuanzia Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii, wapatao 100,000 nchini kote, walipewa vifaa vya kazi vikiwemo vipimo vya presha na sukari. Mkaazi anaweza kumweleza mhudumu anayetembelea boma lake, naye atamwelekeza.

Mtu akisema hataki kuishi, au ni afadhali asingekuwepo, maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha. Asiachwe peke yake, sumu za shambani na dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali. Familia nyingi zilikuwa zikiogopa kufanya hivyo kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa anayehitaji matibabu, na anastahili kupokelewa hivyo.

Simu za msaada zisizolipiwa ni hizi: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 116 kwa masuala ya watoto, na 1195 kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia. Msongo unaoletwa na kipigo nyumbani hautibiwi kwa mazoezi ya pumzi. Usalama huja kwanza.

KUJIPIMA

Mkaazi anaweza kujiuliza maswali haya matano:

- Je, usingizi umekatika zaidi ya usiku mara tatu wiki hii?
- Je, kuna aliyemwambia kwamba amebadilika?
- Je, ameacha jambo alilokuwa akilipenda?
- Je, anatumia pombe, muguka au kamari ili asahau?
- Je, kuna mtu hata mmoja anayeijua shida yake?

Majibu ya "ndiyo" kwa mawili au zaidi kati ya maswali manne ya kwanza, au "hapana" kwa lile la mwisho, si hukumu ya ugonjwa. Ni ishara kwamba wakati wa kuzungumza umefika.

Kwa yule mama karanga, mambo yanaweza kubadilika siku mhudumu wa afya ya jamii atakapobisha hodi na kumpima presha. Kipimo kikisoma 150 kwa 95, wakati presha ya juu huanzia 140 kwa 90, atamwandikia barua ya kwenda zahanati kupimwa tena. Kisha atamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Na usingizi, mama, unapata?" Msimu wa kusi utakuwa haujaisha, na madeni yatakuwa palepale. Lakini akilijibu swali hilo kwa ukweli, usiku ule hatakuwa tena peke yake na hesabu zake.