Vipimo Safi, Tumbo Bado Linauma: Dawa za Kutuliza Utumbo

Kijitabu kwa wakazi wa Rumonge na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kinakuhusu?
Tumbo linakusokota na kujaa gesi kwa miezi. Leo choo cha maji, kesho kigumu. Umemeza Flagyl mara kadhaa. Unapata nafuu kidogo, kisha maumivu yanarudi. Huenda utumbo wako una hisia kali kupita kiasi. Maumivu haya ni ya kweli, wala si uchawi.

Kwanza, pima
Mwambao wetu una amiba, minyoo na kichocho cha tumbo, hivyo kipimo cha kinyesi kitangulie. Kikiwa safi, mganga wa kituo cha afya ataangalia vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016 vya kutambua hali hii: maumivu angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yanayoendana na kwenda haja au na mabadiliko ya choo, na dalili zilizoanza miezi 6 nyuma au zaidi.

Kwa nini linauma?
Mwaka 1973 daktari James Ritchie wa Uingereza alipuliza hewa ndani ya kipira kidogo kilichowekwa mwishoni mwa utumbo mpana. Kwa mililita 60 tu, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa hali hii walihisi maumivu. Kwa watu wengine ni 6 tu katika kila 100. Gesi ya kawaida, ambayo jirani yako haihisi, kwako ni maumivu. Takriban mtu 1 kati ya 10 waliopata maambukizi makali ya tumbo hupata hali hii baadaye: vijidudu huisha, lakini mishipa ya fahamu hubaki na wepesi wa kushtuka. Ndiyo maana kurudia dawa ya kuua vijidudu, kama Flagyl, hakusaidii.

Dawa zinazotumika
- *Za kulegeza misuli:* haiosini (Buscopan), mebeverini, au vidonge vya mafuta ya mnanaa. Hupunguza msokoto.
- *Ya kutuliza mishipa ya fahamu:* amitriptilini. Kwa dozi kubwa hutibu sonona. Kwa dozi ndogo hupunguza ishara za maumivu kati ya utumbo na ubongo. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2023, wenye wagonjwa 463, ulionyesha kwamba miligramu 10 hadi 30 kwa siku ziliwapa nafuu zaidi kuliko kidonge kisicho na dawa. Kupewa dawa hii si kuambiwa una wazimu. Subiri wiki kadhaa kabla ya kusema imeshindwa.
- *Za choo:* loperamidi hupunguza kuharisha, lakini haitulizi maumivu. Usiimeze ukiwa na homa au damu kwenye choo.

Tahadhari za amitriptilini
Hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi. Mvuvi wa ndagala anayekesha ziwani na taa asiimeze jioni kabla ya kuingia mtumbwini. Akubaliane na mganga aimeze asubuhi, kabla ya kulala. Siku za mbalamwezi, uvuvi unaposimama, zinafaa kuianza na kuona inavyomlemea. Mwambie mganga kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, shida ya kukojoa au mimba. Ifiche mbali na watoto: ikizidi inaua.

Chakula
Huna haja ya kuacha kila kitu. Jaribu kupunguza mawese, loweka maharage na umwage maji yake, kisha tazama tofauti kwa wiki chache.

Usisubiri, nenda kituo cha afya ukiona:
- damu kwenye choo, homa, au kukonda bila sababu;
- kuharisha kunakokuamsha usiku;
- upungufu wa damu, au uvimbe tumboni;
- dalili zilizoanza baada ya miaka 50;
- choo kama maji ya mchele: huenda ni kipindupindu. Ondoka sasa hivi, ukinywa maji ya chumvi na sukari (ORS) njiani.

Ukienda kwa mganga
Chukua majibu ya vipimo na maganda ya dawa zote ulizomeza. Uliza mambo matatu: dawa hii inatuliza nini, nitaimeza saa ngapi, na nirudi lini isiponisaidia?