Kuchagua Kioo cha Mbele cha Pikipiki

Sote twakiita kioo, na katika kurasa hizi tutaendelea kukiita hivyo, ingawa hakina kioo hata chembe. Kile kibamba kiangavu ambacho fundi hukifunga juu ya taa ya mbele ili kumkinga dereva na upepo ni plastiki. Jina limetuzoesha kukitendea kama dirisha la nyumba: twakipangusa kwa gazeti, twakisugua kwa dawa ya madirisha, na lililo zito kuliko hayo, twaketi nyuma yake tukitazama barabara kupitia ndani yake. Kosa hili la mwisho ndilo lililotusukuma kuliandika somo hili.

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda anayetoka Kibaha kuelekea Dar es Salaam saa mbili usiku, akiwa na abiria nyuma yake. Mvua inaanza. Kioo cha gari kina waipa. Cha pikipiki hakina. Matone yanatua juu ya plastiki na kubaki, na lori linapokuja kutoka mbele kila tone linashika mwanga wa taa zake, hata kibamba kizima kinakuwa pazia jeupe. Ikiwa ukingo wa juu wa kioo uko chini ya macho ya dereva, pazia hilo halimsumbui sana, kwa kuwa anatazama juu yake kama alivyokuwa akitazama tangu mwanzo. Ikiwa ukingo uko juu ya macho yake, hana budi kujinyoosha shingo au kuinama pembeni ili aone njia, na kwa nukta kadhaa haoni kitu. Mtembea kwa miguu anayevuka wakati huo hana habari ya bei ya kioo hicho.

Kwa hiyo kioo cha pikipiki ni cha kutazamia juu yake, wala si ndani yake. Mlaji akiishika kanuni hii, mengi ya maswali ya dukani yatajijibu yenyewe.

Je, unakihitaji?

Nguvu ya upepo haikui sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi kilomita 80, upepo unaokupiga kifuani hauwi mara mbili, bali mara nne. Ndiyo maana anayesafiri kwenye barabara kuu huchoka shingo na mabega, ilhali anayezunguka mjini, ambako mwisho wa mwendo ni kilomita 50 na foleni humzuia asifike hata huko, hauhisi upepo huo kuwa mzigo. Kwa huyu wa mjini, kofia ngumu yenye kinga ya uso iliyo safi, pamoja na koti lisilopitisha upepo, yatosha. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, na kofia yake imekwisha kupasuka au tairi ya nyuma imekuwa kipara, sisi tunamshauri aanze na hivyo.

Wanaonufaika hasa ni wale wa safari ndefu, wale wanaoamka alfajiri ya Juni na Julai katika baridi ya Njombe na Mbeya, na wale ambao kutwa hufuata vumbi na kokoto za malori. Hata hao wajue kwamba kibamba kikubwa kina gharama yake. Hushika upepo, na injini ya cc 125 inayopanda mlima dhidi ya upepo italijua jambo hilo, na tangi la petroli vilevile.

Urefu

Mlaji huingia dukani akakuta vioo vitatu vimetundikwa ukutani, kifupi, cha kati na kirefu. Humwuliza muuzaji kipi bora, naye huonyeshwa kirefu, kwa kuwa ndicho ghali. Lakini hakuna urefu ulio bora kwa watu wote. Kipimo ni mwili wa anayeendesha, akiwa juu ya kiti cha pikipiki ileile.

Kipimo hicho waweza kukichukua nyumbani bila kutumia fedha. Tafuta kipande cha boksi gumu, ukikate kwa umbo la kioo unachokusudia, kisha ukifunge kwa selotepu juu ya taa ya mbele, kikiwa kimelalia nyuma kama kioo chenyewe kitakavyolala. Simamisha pikipiki mahali tambarare, uvae kofia yako ngumu, uketi kama unavyoketi jioni ukiwa umechoka, wala si kama mtu anayepigwa picha. Mwenzako asimame ubavuni akutazame. Ukingo wa juu wa boksi ufike usawa wa ncha ya pua yako, au chini kidogo ya hapo. Wewe mwenyewe utazame mbele: barabara yote kuanzia takriban mita 15 uione juu ya ukingo, na kile kipande kifupi kilicho karibu na gurudumu ndicho pekee kifichwe. Kama boksi limezidi, lipunguze kidogo kidogo kwa mkasi. Likishakaa sawa lipime kwa futi, na kipimo hicho ndicho uende nacho dukani. Usiendeshe pikipiki na boksi hilo; limemaliza kazi yake.

Wengi huhofu kwamba kioo kinachoishia puani kitaacha upepo uwapige machoni. Si hivyo. Upepo ukigonga kibamba kilichoinama hupanda nacho na kuruka juu ya ukingo, ukapita juu zaidi ya pale plastiki ilipoishia. Kinachosumbua ni upepo unaovurugika nyuma ya ukingo na kuitikisa kofia kichwani kwa kelele. Ukikutana na hali hiyo, jaribu kwanza kubadili mwinamo wa kioo kwa kulegeza vishikio, au acha nafasi ndogo chini ya kibamba ili hewa ipite. Mara nyingi hilo hutosha, nawe hutakuwa umerudi dukani kununua kikubwa zaidi.

Hapa pana jambo ambalo maduka hayalisemi. Pikipiki nyingi za biashara hununuliwa na mtu mmoja na kuendeshwa na mwingine, kwa mkataba au kwa hesabu ya kila siku. Mwenye pikipiki huenda dukani peke yake, akachagua kioo kwa macho yake, kisha akamkabidhi kijana aliye mfupi kwake kwa vidole vinne. Vidole hivyo vinne ndivyo vinavyoyashusha macho ya kijana nyuma ya plastiki. Mwenye pikipiki ampeleke dereva dukani. Na kama madereva ni wawili, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, kipimo kiwe cha yule mfupi: mrefu atapata upepo kidogo zaidi, lakini mfupi hatapoteza barabara.

Plastiki ipi?

Vioo vilivyo bora hutengenezwa kwa polikaboneti au kwa akriliki. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika. Kokoto ikirushwa na tairi la lori aghalabu huacha alama na kuanguka. Udhaifu wake ni kwamba hukwaruzika upesi na huwa ya manjano juani, isipokuwa kama kiwandani imepakwa tabaka gumu la kuikinga. Akriliki haikwaruziki kwa urahisi hivyo, na hulivumilia jua vyema, ila ikigongwa kwa nguvu hupasuka, na vipande vyake vina makali. Kwa barabara zetu zenye kokoto, sisi twapendelea polikaboneti yenye tabaka la kukinga mikwaruzo na jua. Kuna pia vibamba laini vya bei ya chini ambavyo muuzaji hana jina la kuvipa zaidi ya kusema ni “orijino”. Neno hilo halitaji plastiki yoyote.

Wako wauzaji wanaokigonga kioo kwa nyundo mbele ya wateja. Onyesho hilo lapendeza, nalo laonyesha kwamba kibamba hicho hakipasuki upesi. Haliseme lolote kuhusu mikwaruzo, wala kuhusu jua la miezi sita kijiweni, wala kuhusu uangavu wake. Uangavu upime mwenyewe. Omba nailoni ya kukinga ibanduliwe kabla hujalipa, toka nje ya duka, ukishike kioo kwa kunyoosha mkono, na utazame kupitia ndani yake nondo za dirisha au mistari ya matofali ukutani. Kisogeze juu na chini polepole. Mistari ikipinda au kucheza kama iliyo chini ya maji, usikichukue. Hata kioo cha kutazamia juu yake kuna nyakati utatazama kupitia kwake, kwenye shimo lililo karibu, kwa mfano. Kisha pitisha kidole ukingoni. Ukingo huo utakuwa mbele ya shingo na uso wako siku utakapofunga breki ghafla, kwa hiyo uwe umeviringwa na kulainishwa, na ukiwa na mpira wa kuufunika ni bora zaidi.

Kuhusu rangi hatuna mengi ya kusema. Chagua kisicho na rangi. Kilichotiwa weusi huvutia mchana, lakini usiku hukupunguzia mwanga ule mdogo ulio nao.

Kukifunga

Vishikio vya kioo hufungwa ama kwenye usukani, ama kwenye taa na shokapu za mbele. Vya usukani ni rahisi kufunga na hufaa vioo vidogo. Kioo kikubwa kilichofungwa usukanini huugeuza upepo kuwa mkono wa tatu: basi likikupita kwa kasi, upepo wake husukuma kibamba, na kibamba husukuma usukani. Kwa sababu hiyo kioo kikubwa kiwe na vishikio visivyopungua vinne, tena vya chuma.

Fundi akimaliza, usiondoke kabla hujageuza usukani mpaka mwisho wa kushoto na mpaka mwisho wa kulia. Waya wa klachi, wa breki na wa mafuta isibanwe mahali popote. Washa injini ikiwa haijatiwa gia na urudie: mlio ukipanda wakati wa kugeuza, waya wa mafuta unavutwa, na pikipiki hiyo itaongeza mwendo yenyewe kwenye kona. Tazama pia kama taa ya mbele, taa za kuonyesha upande na mita ya mwendo havikufunikwa.

Nyufa nyingi huanzia kwenye matundu ya bolti. Plastiki hutanuka ikipata joto: kibamba chenye upana wa sentimita 50 kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la mchana, tofauti ya nyuzi 30, huongezeka kwa takriban milimita 1. Basi tundu liwe pana kidogo kuliko bolti, pawe na washa ya mpira kila upande, na nati ikazwe mpaka kibamba kitulie, isipite hapo. Fundi asitie gundi ya kuzuia nati kulegea, kwa kuwa gundi hizo huidhuru polikaboneti. Nati zenye nailoni ndani yake hufanya kazi hiyo bila madhara. Baada ya siku chache za kazi, zikague tena.

Katika kusafisha, adui ni vumbi kavu na petroli. Mwaga maji mengi kwanza ili mchanga uondoke, kisha tumia sabuni isiyo kali na kitambaa laini cha pamba. Tambara la kituo cha mafuta, lililolowa petroli, hung'arisha siku hiyo, na baada ya muda kibamba hujaa nyufa ndogo kama utando wa buibui. Dawa za madirisha zenye amonia nazo ziepukwe.

Kulipa, na kudai

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na umwombe muuzaji aandike nyuma yake maneno mawili matatu kwa mkono: aina ya plastiki, pikipiki ambayo kioo kimeuzwa kwa ajili yake, na muda wa dhamana kama aliutaja. Atakayekataa kuandika “polikaboneti” baada ya kuisifu kwa nusu saa amekwisha kukujibu. Sheria ya Ushindani, Sura ya 285, inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora na aina ya bidhaa, na maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha alichosema. Lile tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi halimwondolei wajibu wake kwa bidhaa yenye kasoro. Mrudie yeye kwanza, kwa utulivu, ukiwa na kioo chenyewe, vishikio vyake na risiti. Msiposikizana, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Na kama tatizo ni ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania.

Ila kuna jambo moja la kufanya kabla ya yote hayo. Jaribu kioo kwenye vishikio kikiwa bado hakijaguswa na keekee. Matundu yasipolingana na vishikio, usimruhusu fundi atoboe mengine. Kirudishe siku hiyohiyo. Ukishatoboa, muuzaji atasema kwamba ufa umetokana na tundu lako, na itakuwa vigumu kumwonyesha vinginevyo.