Moto wa Kushindilia Hewa

Masika moja huko kwetu Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, mvua ililowesha viberiti vyetu, na wadogo zangu wakalala na njaa. Ulindi na ulimbombo vya babu navyo havikufaa, kwa maana vilikuwa vimelowa. Ndipo nikajaribu bomba la moto, chombo cha kale cha watu wa Asia ya Kusini-Mashariki.

Toboa tundu jembamba katika mti mgumu, lisitokeze upande wa pili. Chonga mchi uingiao barabara, uuzungushie uzi wenye mafuta ili hewa isitoroke. Nchani chimba kishimo, utie pamba iliyounguzwa ikawa nyeusi. Ukandamize mchi kwa ghafula, uchomoe upesi, uipulize pamba. Hewa ikibanwa ghafula hupata joto kali. Ukisukuma polepole, joto hupotea. Injini za dizeli za malori yaendayo Lilongwe hufuata kanuni hiyo hiyo.

Ninayo mabomba manne. La kwanza lilivuja, la pili lilipasuka, la tatu tundu lake ni pana mno. La nne huwasha, na mama hupika hata mvua ikinyesha. Yale matatu sitayatupa, ndiyo yaliyonifundisha.