Kujua Mlango wa Kubisha: Afya, Makazi na Intaneti katika Kaunti Yako

Mtu aliyeuziwa unga ulioharibika hahitaji kufundishwa pa kwenda kulalamika. Atarudi kwenye duka lile lile akiwa na pakiti mkononi. Lakini aliyeambiwa zahanatini kwamba dawa hakuna, au aliyetoa pesa zake kwa ajili ya nyumba ya serikali ambayo hakuipata, mara nyingi hurudi nyumbani akanyamaza. Hanyamazi kwa kukosa haki. Hunyamaza kwa kutojua haki hiyo inadaiwa kwa nani: kwa gavana, kwa wizara, kwa chifu, au kwa yule kijana aliyemjazia fomu kwenye saiba.

Somo hili linahusu swali hilo moja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zitakazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu, na haki ya kufidiwa akipata hasara au madhara kutokana na kasoro zake. Watu wengi hudhani kifungu hicho kinawalenga wenye maduka na viwanda pekee. Sivyo. Kinataja waziwazi kwamba kinahusu pia huduma zinazotolewa na asasi za umma. Kwa hiyo mkazi anayeketi kwenye benchi la hospitali ya kaunti ni mtumiaji kamili, kama yule aliye mbele ya kaunta ya duka kubwa.

Mgawanyo wa kazi kati ya serikali mbili umo katika Jedwali la Nne la Katiba hiyo. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa yamo mikononi mwa serikali za kaunti, ambazo ni 47. Hospitali za rufaa za kitaifa na sera ya afya ni za serikali kuu. Katika makazi, sera ni ya serikali kuu, ilhali upangaji wa miji na ujenzi wa nyumba ndani ya kaunti umo katika orodha ya kaunti. Mawasiliano ya simu na intaneti yamewekwa upande wa serikali kuu, jambo ambalo tutalirudia kwa sababu lina matokeo ambayo wakazi wengi hawayatarajii.

Afya: kujisajili si kulipa

Tuanze na mfano wa Makueni, kwa kuwa unaonyesha kaunti inavyoweza kufanya ikiamua. Mwaka 2016 serikali ya kaunti hiyo ilianzisha mpango uliojulikana kama MakueniCare, ambapo kila kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kupata matibabu katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena. Kilichoufanya mpango huo ueleweke kwa urahisi ni kwamba mlango ulikuwa mmoja: aliyepokea ada, aliyeajiri daktari na aliyenunua dawa alikuwa kaunti ile ile. Mwenye malalamiko hakuwa na shaka aelekee wapi.

Leo hali ni tofauti kidogo, na ndipo wengi hukwama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayofahamika zaidi kwa herufi zake SHA, ilichukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF. SHA ni asasi ya serikali kuu. Hospitali unayotibiwa, kwa kawaida, ni ya kaunti. Mmoja hulipa, mwingine hutibu. Panapotokea hitilafu, kila upande unaweza kumwelekeza mgonjwa upande wa pili, na mgonjwa akabaki njiani.

Chukua mfano wa mama muuza mboga aliyejisajili SHA kwa simu yake kwa kubonyeza *147#. Amepata ujumbe wa kuthibitisha, na anaamini kwamba familia yake imekingwa. Mtoto anapougua homa, anampeleka kwenye zahanati ya karibu na kutibiwa bila malipo. Imani yake inaongezeka. Miezi mitatu baadaye mtoto huyo huyo anahitaji kulazwa katika hospitali ya kaunti, na hapo anaambiwa alipe. Mama huyu hakudanganywa na mtu, na wala karani hakukosea. Huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hugharimiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na usajili peke yake unatosha. Hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu hugharimiwa na hazina nyingine, ile ya michango. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiyekuwa na mshahara hufanyiwa tathmini ya uwezo wa kaya yake, na mchango hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mujibu wa sheria, asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Maneno mawili, usajili na mchango, yametenganisha kaya nyingi na kitanda cha hospitali. Ukihitimisha usajili, usiondoke bila kuuliza: je, tathmini yangu imekamilika, na mchango wangu ni shilingi ngapi? Uliza ukiwa mzima. Mlangoni mwa wodi si mahali pazuri pa kuanza kufahamu hazina tatu za kisheria.

Yapo mambo ambayo hayategemei mchango. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kadhalika, mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba akipima shinikizo la damu na kuwaelekeza wagonjwa kituoni hapaswi kukudai chochote, kwani posho yake hulipwa kwa pamoja na serikali kuu na kaunti. Akikuomba pesa za “kufungua faili”, ripoti kwa msimamizi wa kituo cha afya anachohudumia.

Na dawa zisipokuwepo? Hapa sheria moja ambayo haitajwi sana barazani ina manufaa makubwa: Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo ya mwaka 2023. Inaagiza kwamba mapato yanayokusanywa na kituo cha afya cha umma yabaki kwenye kituo hicho na kutumika humo. Kwa hiyo, jibu la kwamba pesa zote zilipelekwa makao makuu ya kaunti halitoshi tena. Muulize msimamizi wa kituo, kwa heshima na kwa maandishi, kituo kilikusanya kiasi gani na kiasi gani kilinunua dawa. Ni swali halali kabisa.

Makazi: tozo, ombi na ufunguo

Kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi kwa ajili ya Tozo ya Nyumba za Bei Nafuu, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Wapo wanaoamini kwamba makato hayo ni akiba inayojikusanya hadi itoshe nyumba. Ni dhana inayoeleweka, lakini si sahihi. Tozo ni tozo. Haimpi aliyekatwa nyumba, wala asiyekatwa hafungiwi nje. Nyumba hupatikana kwa kuomba, kupitia mfumo wa Boma Yangu, ambao unafikiwa pia kwa simu isiyo na intaneti kwa kubonyeza *832#. Ombi lenyewe halina ada.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imewagawa waombaji kwa kipato. Mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi huwekwa katika nyumba za jamii. Wa kati ya 20,000 na 149,000 huangukia nyumba za bei nafuu zenyewe. Mtu mmoja hawezi kugawiwa zaidi ya nyumba moja, na aliyeinunua haruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Zingatia hilo la mwisho. Mtu akikuambia kwamba anayo nyumba ya mradi anayoiuza kwa sababu anahama, mwombe idhini hiyo kabla ya kumpa hata shilingi moja. Asipokuwa nayo, unachonunua ni kesi.

Madalali wa nyumba za serikali hufanya kazi kwa mtindo unaofanana kila mahali: hutaja jina la afisa, huonyesha picha za jengo lililokwisha jengwa, kisha hutoa nambari ya simu ya mtu binafsi ya kutumia pesa. Nambari hiyo ndiyo dalili. Malipo ya serikali huenda kwenye akaunti ya taasisi yenye jina la taasisi. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalojitokeza kwenye simu, na ukiona jina la mtu, futa.

Nyumba za kaunti zina mkasa wake. Katika mitaa kama Pangani jijini Nairobi na Buxton huko Mombasa, nyumba kuukuu za umma zilibomolewa ili kupisha majengo marefu yanayojengwa kwa ubia na wajenzi binafsi. Panapotokea mradi wa aina hiyo, haki za mpangaji hutegemea rejista ya kaunti. Ikiwa unaishi katika nyumba ya kaunti lakini kodi unampa mtu aliyekupangisha tena, wewe hujulikani na ofisi ya nyumba, hata kama watoto wako wamezaliwa humo. Siku ya kuhesabu wapangaji, atakayeitwa ni yule mwingine. Nenda ofisi ya nyumba ya kaunti sasa, kabla ya tangazo lolote la ubomoaji, ukaulize nyumba hiyo imeandikwa kwa jina la nani. Jibu linaweza kukuudhi, lakini litakupa muda wa kujipanga.

Intaneti: haki na hisani

Tulisema kwamba mawasiliano yamo upande wa serikali kuu. Kaunti inapotega mtandao wa bure sokoni au kwenye kituo cha matatu, inafanya hivyo kwa hiari. Nakuru ilikuwa miongoni mwa za kwanza, ilipoanzisha zaidi ya miaka 10 iliyopita mtandao wa bure mjini uliopewa jina la kupendeza, Bilawaya. Hisani ina tabia yake: bajeti ikibanwa, ndiyo ya kwanza kukatwa. Zahanati ikifungwa, wakazi wanaweza kudai wajibu wa kikatiba. Mtandao wa sokoni ukizimika, watadai ahadi tu. Njia ya kuugeuza kuwa wajibu ni kuhakikisha umeandikwa katika mpango na bajeti ya kaunti. Makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Mara nyingi vikao hivyo huwa na viti vitupu, nami nikiri kwamba wadi yangu mwenyewe nimeihudhuria mara moja tu. Maktaba, kwa upande mwingine, zimetajwa wazi katika orodha ya kazi za kaunti. Ikiwa maktaba ya mji wenu haina kompyuta inayofanya kazi, dai hilo lina uzito zaidi.

Tumia mtandao wa umma kwa tahadhari. Muulize mhudumu jina kamili la mtandao, kwani mwovu anaweza kutega wake wenye jina linalokaribiana. Usifungue akaunti ya benki ukiwa hapo. Ukurasa wa kujiunga ukikuomba nambari ya kitambulisho, una haki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kuelezwa inakusanywa kwa nini na itapewa nani.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi haiko hewani, iko kwenye kiti cha saiba. Mkazi asiye na simu ya kisasa humpa mhudumu kitambulisho chake amfungulie akaunti ya eCitizen au Boma Yangu. Mhudumu, kwa haraka tu, hutumia anwani yake ya barua pepe na kuchagua nambari ya siri mwenyewe. Mwaka unaofuata saiba imefungwa, mhudumu amehama, na mwenye akaunti hawezi kuingia kufuatilia ombi lake la nyumba. Kabla hujainuka kwenye kiti, hakikisha akaunti ina nambari yako ya simu, andika nambari ya siri mwenyewe, na umwone akitoka kwenye akaunti hiyo.

Ukikwama

Anza na ofisi inayotoa huduma: kituo cha afya, ofisi ya nyumba, au idara husika ya kaunti. Ikiwa tatizo ni la mchango au la usajili, mlango ni SHA. Ikiwa ni la bando au mtandao wa simu, anza na kampuni yenyewe, kisha Mamlaka ya Mawasiliano. Andika barua fupi yenye tarehe, jina la afisa aliyekuhudumia na unachotaka kifanyike. Peleka nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa simu haiachi alama.

Ukihitaji habari, kwa mfano orodha ya dawa zilizopokelewa au jina lililo kwenye rejista ya nyumba, taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili. Siku hizo zikipita kimya, peleka nakala yako yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.