Dondoo muhimu: Matembezi ya mzunguko Alfriston

Njia ya mzunguko, yaani ile inayomrudisha mtembeaji mahali alipoanzia, huweza kuanzia kijiji cha Alfriston, kusini mwa Uingereza, ikavuka mto Cuckmere na kupanda kilima cha Windover chenye kimo cha mita 214, kisha ikashuka Wilmington, chini ya umbo kubwa la mtu lililochorwa mteremkoni. Vilima hivi ni vya chaki, mwamba laini uliojengeka kwa mabaki ya viumbe wadogo wa baharini, ambao hunyonya mvua upesi kiasi kwamba juu hakuna kijito, hivyo maji ya kunywa hubebwa tangu kijijini. Chaki iliyolowa huteleza kama sabuni, na vipande vya gumegume, jiwe gumu lenye makali linalopatikana ndani yake, huumiza nyayo zilizo katika viatu vyembamba. Buti ndizo zinazofaa, hata kiangazi. Mageti ya malisho yafungwe, kwani kondoo hawangoji ruhusa. Anayerejea mapema aitazame Clergy House, nyumba ya zama za kati iliyoezekwa kwa nyasi, ambayo shirika la National Trust liliinunua mwaka 1896 kwa pauni 10, na ambayo sakafu yake ni chaki iliyoshindiliwa kwa maziwa mgando.